Kamera Hupofuka Mkono Unapogusa

Rafu za maghala makubwa ya Amazon si za mbao wala za chuma. Ni minara ya kitambaa iliyogawanywa vijumba vya upana wa takriban sentimita 30, na mbele ya kila kijumba hupita mikanda ya mpira ili vitu visimwagike mnara ukihamishwa. Ndani ya kijumba kimoja utakuta kitabu, chupa ya shampuu, soksi ndani ya mfuko wa plastiki, chaja na boksi la majani ya chai, vyote vimelaliana bila mpango. Kwa wastani kijumba hubeba hadi vitu kumi. Anayepakia hapo hana haja ya kuchungulia. Kidole kimoja kinavuta mpira, kiganja kinasogeza vilivyotangulia, mkono wa pili unapenyeza kipya. Kikigonga kigumu huko nyuma, mkono unalegea na kujaribu kona nyingine.

Mei 2025, mjini Dortmund, Ujerumani, kampuni hiyo ilionyesha hadharani roboti inayofanya kazi hiyo. Inaitwa Vulcan, na wakati huo ilikuwa imeshaanza kutumika kwenye ghala la Spokane, jimbo la Washington, na la Hamburg. Ncha ya mkono wake wa kupakia inafanana na rula iliyobandikwa kwenye pasi ya kunyooshea nywele: rula husukuma vilivyomo ili nafasi ipatikane, na mabapa mawili hushika kitu kipya. Kwenye mabapa hayo kuna mikanda midogo inayozunguka, ambayo hukitema kitu ndani ya kijumba. Mkono wa kutoa vitu ni mwingine, wenye kamera na kikombe cha kufyonza. Kinachoitenga Vulcan na zilizoitangulia ni vihisi vya nguvu. Inajua imegusa, inajua inasukuma kwa kiasi gani, na inajua pa kuacha. Kampuni inasema inamudu takriban asilimia 75 ya aina za bidhaa zilizomo maghalani mwake. Kinachoishinda inamwachia mtu. Imepewa hasa safu za juu kabisa, karibu mita mbili na nusu kutoka sakafuni, na zile za chini, yaani pale ambapo mtu hupanda ngazi au huinama. Safu za kati, kuanzia mapaja hadi kifua, zimebaki za binadamu.

Habari kama hizi zikitoka, watu hudhani kilichogunduliwa ni ngozi ya ajabu yenye neva kama za kidole. Ngozi za namna hiyo zipo, na nitafika huko. Lakini mguso unaofanya kazi kiwandani leo, siku baada ya siku, kwa sehemu kubwa unatoka kwenye vitu vya kawaida mno: kipande cha mpira, kipima nguvu kwenye kifundo cha mkono, na kipimo cha hewa kwenye hosi. Anayeanza na ngozi kabla ya hivyo vitatu anajenga nyumba kuanzia paa.

Kwanza tuulize kwa nini kamera haitoshi, maana kamera ni rahisi na zinazidi kuwa kali. Sababu moja ni ya mahali tu: koleo, yaani kile chombo cha kushikia kilicho mwisho wa mkono wa roboti, likikikaribia kitu, lenyewe ndilo linalokiziba kisionekane. Zile sentimita mbili za mwisho, ambazo ndizo zenye kazi, kamera inatazama mgongo wa koleo. Sababu nyingine ni kwamba nguvu haina sura. Katoni iliyobanwa kwa nyutoni 10 na iliyobanwa kwa nyutoni 60 zinatoka sawa kwenye picha, mpaka ile ya pili ibonyee, na hapo umeshachelewa. (Nyutoni 10 ni karibu uzito wa pakiti ya sukari ya kilo moja. Ishike hiyo kichwani, itasaidia huko mbele.)

Mwaka 1984, Roland Johansson na Göran Westling wa Umeå, Sweden, walichapisha vipimo vya jinsi watu wanavyoinua kitu kidogo kwa ncha za vidole viwili. Nguvu ya kubana hupanda pamoja na nguvu ya kuinua, na hukaa juu kidogo tu ya kile kiwango ambacho kitu kingeteleza. Kitu chenye uso wa hariri hubanwa zaidi kuliko chenye uso wa msasa, hata uzito ukiwa uleule, na mtu mwenyewe hana habari kwamba amefanya hesabu hiyo. Vidole vikitiwa ganzi, ulinganifu huo unavurugika. Macho yako wazi, misuli ni mizima, lakini mkono umekuwa wa mbao. Roboti nyingi za viwandani zimeishi na mkono wa namna hiyo tangu zianze, na zimefaulu kwa sababu kila kitu kilipangwa mbele yao mahali palepale, kwa kipimo kilekile. Ghala halina anasa hiyo.

Mpira kwanza

Kabla ya kununua kihisi chochote, fanya hesabu hii. Chukua mkono unaoshuka kwa milimita 100 kwa sekunde. Kompyuta yake inazungusha hesabu mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8, kama zilivyokuwa roboti za kampuni ya Universal Robots kabla ya kizazi cha e-Series. Mkono ukigusa meza punde tu baada ya kusomwa, utashuka milimita 0.8 zaidi kabla haujajua lolote. Kama koleo, kitu na meza vyote ni chuma, ukakamavu wa jumla, yaani nguvu inayohitajika ili vibonyee, unaweza kufika nyutoni 100 kwa kila milimita. Umeshabonyeza kwa nyutoni 80, na breki bado hazijaanza. Kwenye e-Series, iliyotoka mwaka 2018, mzunguko ni mara 500 kwa sekunde: milimita 0.2, nyutoni 20. Afadhali. Sasa rudia na ile roboti ya zamani, ila kwenye ncha ya koleo bandika mpira wenye ukakamavu wa nyutoni 5 kwa milimita. Unapata nyutoni 4.

Kipande cha mpira kimeishinda kompyuta. Sababu ni kwamba ulaini unafanya kazi papo hapo. Hausubiri kusomwa wala kuamuliwa. Una gharama yake, bila shaka: kitu kilichoshikwa na mpira laini kinayumba, na mahali pake halisi panakuwa na shaka ya milimita moja au zaidi. Kwa hiyo ulaini huwekwa kwa kipimo, na huwekwa upande unaotakiwa. Kwa kupanga katoni, laini sana inafaa. Kwa kuchomeka shafti, unataka ulaini wa pembeni lakini si wa kwenda chini.

Njia ya pili ya kupata ulaini ni kuuandika kwenye programu: roboti inaambiwa ijifanye springi. Neville Hogan aliiweka hoja hiyo kwa mapana mwaka 1985. Ili ifanye kazi vizuri, mkono unahitaji kuhisi nguvu kwenye viungo vyake vyote, kama roboti za KUKA LBR iiwa au Franka, zenye vipimo vya msokoto kwenye viungo vyote saba. Roboti ya kawaida yenye giabosi nzito haiwezi kuigiza hivyo kwa kusoma umeme wa mota peke yake, kwa kuwa msuguano wa giabosi unameza nguvu ndogo zote. Giabosi ya mia kwa moja inaweza kuficha nyutoni kadhaa, na zaidi asubuhi grisi ikiwa baridi.

Kihisi cha kifundoni, na uongo wake

Kihisi cha kifundoni ni kama sahani nene inayokaa kati ya mkono na koleo. Ndani yake mna mihimili myembamba ya chuma iliyobandikwa vipande vya waya ambavyo ukinzani wake wa umeme hubadilika vikivutika au kubanwa. Kinatoa namba sita: nguvu kwa pande tatu, na msokoto kwa pande tatu. Ni kifaa kizuri, na kinadanganya kwa njia nne ambazo kila anayekifunga hukutana nazo.

Uongo wa kwanza ni uzito wa koleo lenyewe. Koleo la kilo moja kinalisoma kama nyutoni 9.8 za kwenda chini. Kifundo kikiinama nyuzi 90, nyutoni hizo zinahamia mhimili mwingine, na programu iliyoambiwa isimame ikihisi nyutoni 5 inasimama hewani, haijagusa hata inzi. Dawa yake ni kulipeleka koleo kwenye mikao sita au zaidi, kurekodi namba, kukokotoa uzito na kitovu cha uzito, kisha kuiachia programu iviondoe kila mara. Roboti nyingi za sasa zina ukurasa wa kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba fundi akibadilisha taya za koleo, ukurasa huo haurudiwi.

Wa pili ni hosi na nyaya. Hosi ya hewa iliyokazwa huvuta nyutoni mbili tatu, na huvuta tofauti kila mkono unapogeuka. Iache na kitanzi kilegevu kinapovuka kihisi, kisha ifunge imara upande wa roboti. Wa tatu ni joto: kihisi kilichowashwa sasa hivi kinatembea taratibu kwa nusu saa ya kwanza, na kilicho karibu na mota ya moto hakiachi kutembea. Ndiyo maana namba hurudishwa sifuri kabla ya kila mguso, si mara moja asubuhi.

Hapo ndipo penye uongo wa nne, mbaya kuliko yote. Kazi imekatizwa katikati, koleo limeegemea kitu kwa nyutoni 15. Mtu anabonyeza kuanza upya, programu inarudisha sifuri palepale. Kuanzia sasa nyutoni 15 ndiyo sifuri, na roboti iliyoagizwa kubonyeza kwa 10 inabonyeza kwa 25. Hakuna taa nyekundu inayowaka. Kioo cha saa kinapasuka, au bodi ya umeme inapinda kidogo na kufa wiki tatu baadaye mikononi mwa mteja. Utaratibu salama ni huu: panda milimita 20, subiri milisekunde 200 mkono utulie, soma namba kabla ya kuifuta, na kama imepita kiwango cha kawaida usiifute, simama, umwite mtu.

Kuna na mwendo. Koleo la kilo moja likiongeza kasi kwa mita 3 kwa sekunde kwa sekunde linasukuma kihisi kwa nyutoni 3, ingawa halijagusa chochote. Kwa hiyo sogea haraka ukiwa kiziwi, kisha punguza mwendo na ufungue masikio milimita 10 kabla ya pale unapotarajia kugusa.

Shafti na tundu

Kazi iliyofundisha ulimwengu wa viwanda maana ya mguso ni kuingiza shafti kwenye tundu. Inaonekana ya kitoto. Chukua shafti ya milimita 20 kwenye tundu la kipimo cha H7/g6, ambacho fundi mashine yeyote anakijua. Pengo kati yao ni mikroni 7 hadi 41. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. UR5e, roboti mojawapo ya zile za e-Series, hurudia mahali pake kwa milimita 0.03 huku na huko, na hiyo ni kurudia tu. Kipande chenyewe kwenye trei kinaweza kuwa kimekaa nusu milimita pembeni.

Miaka ya 1970, Daniel Whitney na wenzake wa Draper Laboratory huko Massachusetts waliichambua kazi hii hadi mifupani. Walitenganisha aina mbili za kukwama ambazo mafundi walikuwa wakiziita jina moja. Moja ni kukwama kwa sababu unasukuma upande usiofaa: ukirekebisha mwelekeo wa nguvu, shafti inateremka. Nyingine ni kujibana: shafti imeegemea tundu pande mbili zinazotazamana, chuma kimebonyea kama springi, na nguvu zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Hapo kusukuma zaidi ni kukaza zaidi. Lazima uchomoe. Kujibana hutokea pale shafti inapogusa pande mbili ikiwa bado haijazama sana, na kipimo chake kinakumbukika kirahisi: kina kikigawanywa kwa kipenyo kikiwa kidogo kuliko namba ya msuguano kati ya nyuso hizo. Kwa chuma kikavu chenye msuguano wa 0.2 na shafti ya milimita 20, hatari iko milimita 4 za mwanzo. Hapo ndipo pa kwenda polepole. Ukishavuka, ongeza mwendo.

Draper walitengeneza pia kifaa cha kuzuia yote mawili bila umeme wowote. Ni muunganiko wa tabaka za mpira na chuma, uliopangwa kwa namna ambayo kitovu chake cha ulegevu kinaangukia kwenye ncha ya shafti, si kifundoni. Ukisukumwa pembeni, shafti inateleza bila kuinama. Ukisokotwa, inanyooka bila kuteleza. Vifaa hivyo vinauzwa mpaka leo, na kwa kazi nyingi za kuingiza beringi au pini ndivyo vya kwanza ningevifunga, kabla ya kihisi chochote.

Tundu lisipopatikana mara moja, roboti inapapasa. Inashuka hadi iguse, inashikilia nyutoni 5 hadi 10, kisha inachora mzunguko wa konokono juu ya uso huku ikisubiri mojawapo ya dalili mbili: kimo kushuka ghafla kwa milimita 0.3 au zaidi, au nguvu ya pembeni kuruka kwa kuwa ncha imegonga ukuta wa tundu. Muda wake unakokotoleka. Urefu wa njia ni takriban eneo la duara unalolitafuta gawanya kwa nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Duara la nusukipenyo cha milimita 1.5, nafasi ya milimita 0.2: njia ni milimita 35. Kwa mwendo wa milimita 8 kwa sekunde, sekunde nne na kitu. Kwa mstari wa uzalishaji, hizo ni nyingi. Sasa boresha trei tu ili wasiwasi ushuke hadi milimita 0.75: njia inakuwa robo, sekunde moja na kidogo. Au mwombe mchoraji, yaani anayesanifu vipande, aweke mshazari wa milimita 1 kwenye mdomo wa tundu. Nafasi ya konokono inaweza kupanuka mara kadhaa, na mara nyingi hutahitaji konokono kabisa. Mguso mzuri huanzia mezani kwa mchoraji, na huo ndio ushauri unaopuuzwa kuliko wote kwa kuwa mchoraji na fundi wa roboti hawakai jengo moja.

Ukishaingia, sukuma kwa kikomo, tuseme nyutoni 40, huku pembeni ukiachia mkono uelee kufuata tundu. Kikomo kikifikiwa kabla ya kina kutimia, rudi nyuma milimita 2, inamisha nusu nyuzi, jaribu tena. Mara tatu, basi. Roboti inayojaribu mara kumi haionyeshi bidii, inakwangua tundu. Na kina kikitimia kwa nguvu ndogo kuliko kawaida, hiyo nayo ni habari: huenda oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, imesahaulika. Hifadhi mchoro wa nguvu dhidi ya kina kwa kila kipande, kwa sababu faida ya pili ya mguso, ambayo aghalabu haiandikwi kwenye vipeperushi vya mauzo, ni ukaguzi wa bure.

Hewa inavyohisi

Huko maghalani, mkono unaoongoza ni kikombe cha kufyonza. Kwenye mashindano ya kwanza ya Amazon ya kuokota vitu rafuni, Seattle mwaka 2015, timu ya chuo kikuu cha TU Berlin ilishinda ikitumia mashine ya kufyonza vumbi nyumbani, ikaokota vitu 10 kati ya 12. Kikombe cha kipenyo cha milimita 40 chini ya mvuto wa kilopaskali 60 kinashika kwa nyutoni 75, kwa hesabu tu. Gawanya kwa mbili kwa usalama, weka kasi ya kuinulia ya mita 5 kwa sekunde kwa sekunde, na kilichobaki ni mzigo wa kilo mbili na nusu. Kikombe kikishika ubavu wa katoni badala ya juu yake, punguza tena kwa nusu, maana sasa unategemea msuguano.

Kipimo cha hewa kwenye hosi ndicho kihisi cha mguso cha bei rahisi kuliko vyote, na wengi wanakitumia kama swichi tu: kimeshika, hakijashika. Ni upotevu. Kisome mara mia kwa sekunde na utazame umbo la mstari. Mvuto ukipanda haraka hadi mwisho, umekamata sehemu bapa. Ukipanda polepole na kukomea kilopaskali 30, katoni inapitisha hewa, au mdomo wa kikombe umepanda juu ya mkunjo wa utepe. Inua taratibu, usiizungushe. Ukipanda, ukashuka kidogo, ukapanda tena, huo ni mfuko laini wa plastiki unaomezwa ndani ya kikombe, na punde utaziba tundu la hewa na kukudanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Kwa mifuko, tumia kikombe chenye mikunjo na chujio ndani yake, na ukague chujio kila zamu: vumbi la katoni hulijaza, na mfumo mzima unaanza kuonekana umechoka bila sababu.

Hewa haitakuambia kama umebeba vitu viwili. Hapo kihisi cha kifundoni kinakuwa mizani. Mkono utulie milisekunde 200, linganisha uzito na ule ulioandikwa kwenye mfumo. Kitabu cha gramu 340 kikisoma 690, viwili vimeshikana kwa plastiki zao. Hitilafu ya mizani hiyo kwa mkono wa kawaida ni gramu hamsini hadi mia, kwa hiyo kwa vitu vyepesi kama betri za saa haifai, na kulazimisha hapo ni kujitafutia kengele za uongo mchana kutwa.

Vidole vyenye ngozi

Koleo la taya mbili lina hesabu yake. Kila taya ibane kwa angalau uzito gawanya kwa mara mbili ya msuguano. Kilo moja, msuguano wa 0.5: nyutoni 9.8 kwa kila taya ukiwa umetulia, 15 hivi ukiinua kwa kasi niliyotaja. Zidisha kwa moja na nusu. Shida ni kwamba msuguano haujulikani. Plastiki kavu inaweza kuwa 0.5, plastiki hiyohiyo ikipata mvuke wa friji ni nusu ya hapo. Anayebana vyote kwa nguvu ya kibaya zaidi atapondaponda kila kilicho laini. Hapa ndipo ngozi inapostahili gharama yake, kwa kuwa inaweza kuuona utelezi kabla kitu hakijadondoka.

Aina inayosomwa zaidi ilianzia chuo kikuu cha MIT, Marekani, kwenye maabara ya Edward Adelson, mwaka 2009, chini ya jina GelSight. Ni kipande cha jeli angavu kilichopakwa rangi inayoakisi mwanga, taa za rangi tofauti ubavuni, na kamera kwa nyuma. Kitu kikibonyeza jeli, vivuli vinageuzwa kuwa ramani ya uso yenye undani kupita kidole cha mtu. Mwaka 2014, MIT na chuo kikuu cha Northeastern waliifunga kwenye roboti Baxter, ambayo haikusifika kwa usahihi, nayo ikachomeka plagi ya USB iliyokuwa ikining'inia kwenye waya. Jeli ilikuwa inasoma alama ya USB iliyochongwa kwenye plagi, na kwa hiyo inajua plagi imekaaje mkononi. Meta (wakati huo Facebook) walifuata na ngozi ya namna hiyo iitwayo DIGIT mwaka 2020, wakalenga udogo na bei. Ukichora nukta juu ya jeli, utaona pia mvutano wa pembeni: kabla kitu hakijateleza chote, nukta za ukingoni huanza kubaki nyuma huku za katikati bado zimeshika. Hiyo ndiyo dalili ya kuongeza nguvu kidogo, asilimia kumi, kisha utazame tena.

Udhaifu wake unajulikana. Kamera ya picha 30 kwa sekunde inaona kila milisekunde 33, na utelezi wa haraka unapita kati ya picha mbili. Kwa huo kinahitajika kihisi cha mtikisiko, hata maikrofoni ndogo iliyofichwa nyuma ya jeli. Ukingo wa katoni ni kisu: rangi inachubuka, na mchubuko unasomwa kama kitu kilichoshikwa. Kwa hiyo kila baada ya mzunguko piga picha ya jeli ikiwa haijagusa kitu na uilinganishe na ya siku ilipofungwa. Jeli iwe ya kubandua na kubandika kwa dakika moja, kama pedi ya breki ya baiskeli, la sivyo haitabadilishwa. Njia nyingine ni mpira uliochanganywa na unga wa sumaku juu ya chipu inayosoma uga wake. ReSkin ya Meta na chuo kikuu cha Carnegie Mellon, ya mwaka 2021, ina unene wa milimita 2 hadi 3, inasoma mara 400 kwa sekunde, na waliitangaza kuwa inavumilia miguso zaidi ya 50,000 kwa bei isiyofika dola 6 ukinunua mia. Miguso 50,000 inasikika mingi. Mkono unaookota kila sekunde 6 unaimaliza ndani ya siku tatu na nusu za kazi isiyosimama. Na mpira huo wa sumaku usiupeleke karibu na mota kubwa au bisibisi ya sumaku.

Neno kuhusu watu walio jirani na mikono hii. Roboti inayohisi si lazima iwe roboti salama. Mwongozo wa kimataifa wa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016, kuhusu usalama wa roboti zinazofanya kazi pamoja na watu, uliweka kikomo cha nguvu kwa kila sehemu ya mwili: kiganja au vidole vikibanwa bila pa kukimbilia, nyutoni 140, uso, 65. Programu uliyoiandika mwenyewe ya kusimama kwa nyutoni 10 haihesabiwi kuwa ulinzi, hata ikiwa inafanya kazi kila siku, kwa sababu haijathibitishwa kwamba itafanya kazi waya ukikatika. Ulinzi ni ule wa mfumo wa usalama wa roboti yenyewe. Na kama koleo limebeba kisu cha kukatia katoni, hesabu zote za nyutoni hazina maana.

Kazi inayobaki ngumu ni ile ambayo kitu kinabadilika umbo kikiguswa: nguo, mifuko, na hasa nyaya. Kuchomeka plagi moja ya gari kunawezekana: nguvu inapanda, inafika kileleni, inaanguka ghafla ndani ya milisekunde chache pamoja na mlio wa kufunga, kisha roboti inavuta kwa nyutoni 15 kuhakikisha. Ila kabla ya plagi kuna fungu la nyaya mamia, zinazopaswa kulazwa kwenye ubao, kupitishwa kati ya vigingi na kuzungushiwa utepe, na kila ukiugusa mmoja mwingine unahama. Kazi hiyo kwa magari mengi ya Ulaya inafanyika kwenye viwanda vya Morocco na Tunisia, na inafanywa kwa vidole vya watu.